Baba Yupi? Lugha Zetu Mbele ya Meza ya Mahojiano
(Maneno ya walimu katika maadhimisho ya Siku ya Kiswahili Duniani)



Kamati imetuomba sisi walimu tuseme machache. Siku hii, 7 Julai, ilitangazwa na UNESCO mwaka 2021, kwa kukumbuka siku ile ya mwaka 1954 TANU ilipozaliwa. Lakini hatukuja kukisifu Kiswahili, wenye kukisifu wako wengi. Tumekuja na swali: je, lugha anayoisema mtu humfanya afikiri na kutenda tofauti na mwenziwe?

Huko Marekani alikuwako bwana mmoja, Benjamin Lee Whorf, aliyefariki mwaka 1941. Alifanya kazi katika kampuni ya bima ya moto. Aliandika kwamba watu walijihadhari sana karibu na mapipa yaliyojaa petroli, lakini karibu na mapipa yaliyoitwa "matupu" walivuta sigara bila hofu, ingawa mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka vibaya zaidi. Neno "tupu" liliwadanganya. Ninyi mnaouza petroli kwa jerikeni hapa kambini, mmesikia.

Baada yake wengine walipita mpaka, wakadai kwamba lugha ni gereza la akili. Hilo tunalikataa. Kwa Kinyarwanda na Kirundi, "ejo" ni jana, tena ni kesho. Kwa Kilingala "lobi" ni vivyo hivyo. Je, yuko mtu aliyekosa mgao wa chakula kwa kuchanganya jana na kesho? Kitenzi kinamwambia kama jambo limepita au linakuja, na siku ya mgao wote tunakutana kwenye foleni kabla ya jua.

Tena wako wenyeji wetu, hasa wazee, wanaosema Kiswahili ni lugha ya ukali. Ukikisema madukani Rwekubo au sokoni Mbarara, kijana atakujibu kwa furaha, na mzee huenda akakutazama kwa jicho jingine. Hatuwalaumu. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wengi walikisikia kinywani mwa askari: lala chini, toa pesa. Sisi tulikisikia kwa bibi akituita tule. Ukali ulikuwa katika bunduki, haukuwa katika sarufi. Katiba ya Uganda ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kifundishwe shuleni kwa lazima.

Basi maoni yetu ni haya. Lugha haituzuii kuwaza jambo. Hutulazimisha kutaja mambo fulani kila tufunguapo kinywa, na huturuhusu kuyaacha mengine. Yale ambayo lugha moja inayaacha, nyingine huyadai, na hapo ndipo mkimbizi anapoumia.

Chukueni neno "yeye". Halisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Kinyarwanda, Kirundi na Kinyankole navyo havisemi. Kiingereza hakikubali. Mama anasimulia: "Alikuja usiku, akabisha, nikamfungulia." Mkalimani lazima achague papo hapo. Leo ameandikwa mwanamume, mwaka ujao mkalimani mwingine anasema mwanamke, na faili linaonyesha hadithi mbili. Mama wa watu hakubadili hata silabi.

Kubwa kuliko hilo ni "baba". Kwetu ndugu wa kiume wa baba ni baba, mkubwa au mdogo. Dada wa mama ni mama. Watoto wao ni kaka na dada zetu. Ndugu wa kiume wa mama ana jina lake, mjomba, kama Kinyarwanda kisemavyo "marume". Mwingereza anawatia baba mdogo na mjomba katika kapu moja. Tena hili si jambo la maneno matupu. Ukimwita mtu baba unamdai chakula, ada ya shule, hata mahari, naye anaona haya kukataa. Ni wangapi hapa waliolelewa hivyo tangu vita vya Kongo vya 1996?

Sasa kijana anaketi mbele ya meza. Swali la tatu anasema, "Baba alikufa vitani." Swali la kumi na tano anasema, "Baba amebaki nyumbani na wadogo zangu." Inaandikwa kwamba anajipinga. Tumewaona vijana waliotoka huko wakilia, nao walikuwa wamesema kweli tupu.

Wazazi, wazoezeni watoto kusema "baba mzazi" na "baba mdogo" wakiwa mbele ya meza, hata kama nyumbani ni utovu wa adabu kumpima baba namna hiyo. Nanyi wageni wetu, ulizeni "huyo ndiye aliyekuzaa?" kabla kalamu haijashuka. Ni swali la nusu dakika.

Limebaki jina letu lenyewe. "Mkimbizi" limetoka katika kukimbia, na "impunzi" ya Kinyarwanda imetoka katika guhunga, ndiyo hiyo hiyo. Neno la Kiingereza, lililopitia Kifaransa kutoka Kilatini, limebeba ndani yake mahali pa hifadhi. Wao wanaangalia paa, sisi tunaangalia miguu. Hapa Nakivale, iliyopokea Wanyarwanda tangu miaka ya 1960, wako watoto ambao hawajakimbia popote. Mwanafunzi mmoja wa darasa la tano alituuliza: "Mwalimu, mimi nilizaliwa Juru. Nilimkimbia nani?" Darasa zima lilicheka, yeye hakucheka.

Swali lake tutalijadili na wazazi Jumamosi ijayo, chini ya mti wa shule. Ndugu zetu Wasomali, Waeritrea na Waethiopia, njooni na neno la kwenu. Tutaanza saa nne asubuhi, nasi tunasema saa nne ya Kiswahili. Wageni wetu waandike kumi.