Risala ya Wanachama: Siku Tuliyomuuliza Binti



Leo tumetimiza miaka 10. Hesabu za hisa mtazisoma kurasa za mbele. Sisi tunataka kusema jambo lililotupima zaidi ya pesa.

Binti wa mwenzetu wa delta aliacha masomo kidato cha pili kwa ujauzito. Novemba 2021 Serikali ikaruhusu wasichana waliojifungua warudi shule. Ada ilishafutwa tangu 2016, lakini sare, madaftari, nauli ya boti mpaka Nyamisati na gari hadi Kibiti, nani atoe? Mama akaomba mkopo. Wengine tukasema, "Mkopo ni wa biashara." Wengine, "Aolewe, yaishe." Tukabishana mpaka magharibi, sanduku liko wazi.

Mwisho tukamwita binti mwenyewe. Akasema, "Mtoto atabaki kwa bibi. Mimi nataka kusoma."

Tukakopesha. Mama alirejesha yote kwa mpunga wake, na binti alimaliza kidato cha nne.

Sisi tuliosema "aolewe" tunamwomba radhi hapa, mbele yenu. Tangu siku ile, anayeamuliwa huulizwa kwanza.