Aliyejeruhi na Afuate

Mazungumzo ya asubuhi katika redio. Somo: Kutoka 21:28–36

  

Leo tutasema habari za wawindaji. Msishtuke. Twajua kwamba hapa Kenya uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwezi wa Mei 1977, na hatumwiti mtu atwae upinde. Lakini wengi wa babu zetu walikuwa wawindaji, tena walikuwa na adabu zao huko porini ambazo zingetufaa sana katika halmashauri zetu za kanisa.

Pori halikuwa shamba la mtu. Aliingia huyu na upinde wake, akaingia na yule wa ukoo mwingine, wala hapakuwa na ua kati yao wala askari wa kuwaamua. Je, nyama ilikuwa ya nani? Wakamba walitia alama katika mishale yao, kama walivyoitia mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini mbali na nyumbani. Waata wa upande wa Tsavo, waliokuwa hodari wa kuwinda ndovu, walifanya vivyo hivyo. Mshale ulipakwa sumu iliyochemshwa kutokana na mti, lakini mnyama mkubwa hakuanguka pale pale. Alikimbia, akaenda akaangukia mahali ambapo pengine mtu mwingine ndiye aliyemkuta. Basi huyo aliyemkuta alitazama mshale, akaijua alama, akajua kwamba mnyama yule ana mwenyewe.

Ndugu zangu, angalieni vizuri alama ile. Ilikuwa ni hati ya mwindaji. Kwa hiyo alisema, "Nyama hii ni yangu." Lakini kama mnyama yule, badala ya kufa, amejificha penye njia ya kisimani akamrukia mama wa watu, mshale umo ubavuni mwake bado, na alama ni ile ile. Huwezi kuidai nyama kwa alama yako, halafu ukaikana hatari.

Hata waliokuja baadaye na bunduki walilijua jambo hili. Chama cha wawindaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki kilianzishwa Nairobi mwaka wa 1934, kikavunjwa mwaka ule ule wa 1977. Nchi iligawanywa vitalu vya uwindaji; mtu alikiandikisha kitalu kabla ya kwenda, akawinda siku zake, akatoka, akaingia mwingine. Na katika adabu zao zote, hii ndiyo iliyokuwa nzito kuliko nyingine: ukimjeruhi mnyama wa hatari, ni juu yako kumfuata mpaka umalize. Hata sheria ilimwamuru aliyeshindwa kumpata aende akatoe habari kwa wakuu wa idara ya wanyama.

Mbona walisisitiza hivyo? Ni kwa ajili ya yule ajaye nyuma. Nyati aliyepigwa risasi vibaya huingia kichakani akatulia. Wawindaji husimulia kwamba huzunguka akarudi kando ya nyayo zake mwenyewe, akangoja. Hamngoji aliyempiga peke yake; yeyote apitaye atampata. Atapita mchunga mbuzi, au mama anayetafuta kuni, ambaye hakusikia hata mlio wa bunduki. Wakati huo mwenye bunduki ameketi kambini karibu na moto, akisimulia jinsi alivyokosa shabaha kidogo tu.

Sasa fungueni Kutoka, sura ya ishirini na moja. Bwana alimwagiza Musa kwamba mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe wa jirani akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Tena mwenye ng'ombe aliyezoea kupiga watu kwa pembe, naye ameonywa asimfunge, hatahesabiwa kuwa hana hatia. Mungu hakuuliza kama ulikusudia jirani yako adhurike. Aliuliza shimo ni la nani, na ng'ombe ni wa nani.

Wapendwa, kanisa ni kama pori lile. Si mali ya mtu mmoja wetu. Twaingia, twatumika, twatoka, na wengine waingia. Na humo mna waliojeruhiwa. Fikirini mama aliyeambiwa mbele ya kwaya yote kwamba mwanawe hawezi kubatizwa kwa kuwa hana baba. Au mzee aliyeondolewa katika kutunza fedha za ujenzi, bila kuambiwa kosa lake, na hesabu zake zilikuwa safi. Hawakuanguka siku ile, walinyamaza tu, wakaingia kichakani.

Miaka mitatu ikapita. Akaja mchungaji mgeni, kijana, ametoka chuoni juzi, hajui lolote. Siku moja anamwomba mzee yule kwa upole asaidie kuhesabu sadaka, na mzee anainuka kwa hasira kali mpaka watu wanashangaa. Kijana anakwenda nyumbani akilia na kumwuliza mkewe amemkosea nini mzee. Hakumkosea lolote. Ameingia kichakani mwa mtu mwingine. Na huyo mwingine siku hizi ni mgeni wa heshima katika kila harambee, huketi mbele.

Tuna desturi nzuri, tuliyorithi kwa ndugu wa Uamsho, ya kusimama katika ushirika na kuzitubu dhambi zetu hadharani. Twamshukuru Mungu kwa desturi hiyo. Lakini kuna watu wanaotubia kanisani mbele ya watu mia, na yule waliyempiga hayumo katika wale mia. Huko ni kutubia kambini. Bwana Yesu, katika Mathayo sura ya tano, alimwambia mtu aliyekwisha kufika madhabahuni, sadaka mkononi, aiache pale pale kwanza aende kwa ndugu yake. Hakusema amwite ndugu aje.

Kufuata si kazi ya mbio. Mfuatiliaji mzuri hutazama jani lenye damu, hugusa aone kama imekauka, huvunja kitawi mahali alipoona alama ya mwisho, na giza likiingia hurudi, akaanza kesho pale pale. Huenda ukagonga mlango wa mzee yule mara tatu asikufungulie. Vunja kitawi, rudi kesho kutwa. Na kama umehamishwa, au njia imepotea kabisa, basi toa habari. Mwandikie yule kijana barua: "Kuna mzee huko kwenu, jina lake fulani. Nilimjeruhi mimi. Mwendee polepole, na umwambie natafuta nafasi ya kuja."

Tuombe. Ee Bwana, Wewe wawajua waliojificha, na alama zilizo ubavuni mwao unazisoma. Mwangalie yule kijana anayekwenda leo asubuhi kupiga hodi asipopajua. Na mwenye alama, umwondoe karibu na moto. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.