Tumekwisha Kubarikiwa



Siku moja, baada ya ibada, mama mmoja mjane alituuliza swali. Mahindi yake yalikuwa yamekauka shambani, na mwanawe alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Akasema, "Mchungaji, tangu nilipookoka, Mungu amenibariki kwa kitu gani?" Hatukuwa na jibu la haraka. Hata sisi wachungaji mara nyingi huhesabu baraka kwa magunia na mabati.

Hebu tufungue Waraka kwa Waefeso, sura ya 1, mstari wa 3 hadi wa 14. Mtume Paulo aliandika waraka huu akiwa mfungwa. Hata hivyo anaanza kwa kumsifu Mungu. Tena angalieni, hasemi kwamba Mungu atatubariki. Asema amekwisha kutubariki. Katika Kiyunani mistari hiyo 12 ni sentensi moja tu, kama mtu anayehesabu mali yake na hataki kupumua kabla ya kumaliza.

Anahesabu nini? Tulichaguliwa kabla ya ulimwengu kuwako. Tulifanywa wana. Tulikombolewa kwa damu ya Kristo, tukasamehewa dhambi. Tulitiwa muhuri kwa Roho Mtakatifu.

Neno ukombozi si geni kwetu Kenya. Mwaka wa 1875 wamisionari wa CMS walianzisha Frere Town, karibu na kisiwa cha Mombasa, iwe makao ya watumwa waliowekwa huru. Kengele yao ingaliko, na mahali pale huitwa Kengeleni hata leo. Mtu aliyefika pale huenda hakuwa na kitu mkononi. Lakini asubuhi alipoamka, hakuna aliyeweza kusema, "Huyu ni mali yangu." Je, nani angethubutu kumwambia kwamba hakupewa kitu? Nasi vivyo hivyo: dhambi haina tena haki ya kutuita mali yake.

Mwisho, Paulo anataja arabuni. Ukimpenda ng'ombe sokoni na fedha hazijatimia, unatoa arabuni, na mwenye ng'ombe hamuuzii mtu mwingine. Atajua kwamba utarudi. Ndugu, ajabu ni hii: hapa mwenye kutoa arabuni ni Mungu mwenyewe, na arabuni yake ni Roho Mtakatifu aliye ndani yetu. Mungu hawezi kuiacha arabuni yake ipotee. Atarudi kuchukua kilicho chake.

Je, basi tumwambie mjane yule aende kwa amani na njaa yake? Hasha! Ikiwa tumefanywa wana wa Baba mmoja, basi yeye ni dada yetu, na mtoto wake ni wetu. Tulirudi kwake na Biblia, na wakristo wenzetu wakaja na madebe ya mahindi. Baraka za rohoni hazitufungi macho tusione sufuria tupu ya jirani. Ndizo zinazotutuma kwake.

Na tuombe. Ee Baba, utusamehe tulipojiona maskini nawe umekwisha kutupa Mwanao. Utufundishe kushukuru, na kugawana, hata siku ile utakapokuja kuwachukua walio wako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.