Somo la Kusoma: Toleo la Programu

Neno letu la leo ni TOLEO. Gazeti lina toleo la jana na toleo la leo. Programu za kompyuta na za simu nazo zina matoleo yake.

Programu huandikwa mstari kwa mstari, kama mnavyoandika barua. Mafundi wake huenda wasijuane kwa sura. Mmoja yuko Finland, mwingine Marekani. Maandishi yao huyaweka katika ghala moja la intaneti. Ghala mojawapo ni GitHub, lililofunguliwa mwaka 2008. Hapo kila badiliko huandikwa: nani amebadili, lini, na mstari upi. Ghala likiwa la wazi, mtu yeyote aweza kusoma.

Lakini mambo ya ghalani hubadilika kila siku, na mengine hayajakamilika. Basi msimamizi huchagua mahali pa kusimama, hutia alama, hutoa namba, hufunga furushi, na huandika maelezo ya mambo mapya. Hilo ndilo toleo. Likionekana kosa, furushi halibadilishwi kimya kimya. Hutolewa jingine, lenye namba yake.

Tazameni namba hii: 5.4.6. Kwa desturi ya mafundi wengi, ya mwisho ikipanda, kosa limetengenezwa. Ya kati ikipanda, kitu kimeongezwa. Ya kwanza ikipanda, jihadharini, maana mambo ya zamani huenda yasifanye kazi tena. Wala hii si desimali. Baada ya 5.4.9 huja 5.4.10.

Sasa sikilizeni habari ya XZ Utils. Hii ni programu ya kubana mafaili, nayo imo katika kompyuta nyingi zinazotumia Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na Lasse Collin wa Finland, bila mshahara. Akaja msaidizi aliyejiita Jia Tan. Alifanya kazi zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa ruhusa ya kutoa matoleo. Februari 2024 alitoa 5.6.0, na Machi akatoa 5.6.1.

Ndani ya mafurushi hayo mlikuwa na maandishi ambayo ghalani hayakuwamo. Kazi yake ilikuwa kufungua mlango wa siri, mgeni apate kuingia katika kompyuta za watu. Ghala lilikuwa wazi kwa wote, lakini nani alifungua furushi akalilinganisha na ghala? Muhuri nao ulikuwa wa kweli. Muhuri hueleza nani amefunga. Hauelezi amefunga nini.

Aliyegundua ni fundi Andres Freund. Aliona kwamba kuingia katika kompyuta kutoka mbali kunachelewa nusu ya sekunde. Nusu ya sekunde tu! Wengi wetu tungekunywa chai tukasahau. Yeye alifuatilia, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza. Watu wakaambiwa warudie toleo la zamani, kama 5.4.6. Bahati nzuri, matoleo thabiti ya Linux yanayotumiwa na wengi yalikuwa hayajalichukua lile baya.

Tangu hapo mafundi wengi husisitiza kwamba furushi lifungwe na mashine, moja kwa moja kutoka ghalani, mkono wa mtu usipite katikati.

Haya, shikeni kalamu. Pangeni namba hizi, ya zamani ianze: 5.6.0, 5.4.10, 5.4.9. Kisha mwenye simu darasani atafute namba ya toleo la programu moja, aisome kwa sauti, na wenzake waiandike.