Gari Liwe Kadiri ya Mzigo

(Hotuba iliyotolewa kwa makatibu na wajumbe wa kamati za vyama wanachama, juu ya ununuzi wa magari ya kazi)



Katika mambo yanayokula fedha za chama pasipo kelele, gari ni la mbele. Likiwa dogo mno, mzigo hulala ghalani; likiwa kubwa mno, chama hulipia petroli ya kusafirisha hewa. Shida hii haikuwapata wanachama wa vyama vya ushirika peke yao. Iliwapata pia mafundi na wachuuzi wa Marekani, nchi inayojulikana kwa wingi wa magari. Habari yao yafaa isimuliwe, kwani ina mafunzo mawili: la kwanza ni jinsi ya kuchagua gari, na la pili ni nguvu zilizo nje ya uwezo wa mnunuzi.

Kwa miaka mingi fundi wa Marekani aliyetaka gari la mizigo lenye bodi iliyofungwa hakuwa na uchaguzi mpana. Gari lililozoeleka lilikuwa lile la Ford lililoanza mwaka 1961 kwa jina la Econoline, nalo lilizidi kukua kila lilipobadilishwa umbo. Kufikia mwaka 2009 urefu wake ulikuwa karibu meta 5.5, injini yake ya kawaida ilikuwa ya silinda nane, na bodi yake ilikaa juu ya fremu ya chuma kama lori. Ni gari imara, na mwenye mzigo mzito alilihitaji kweli. Lakini fundi umeme huchukua nini? Ngazi, mizingo ya waya, sanduku la vifaa, na msaidizi mmoja. Muuza maua huchukua mzigo mwepesi kuliko huo. Watu hawa walinunua nguvu wasiyoitumia, wakailipia kila siku penye pampu ya petroli.

Ulaya mambo yalikwenda njia nyingine. Miji yake mingi ilijengwa kabla ya magari kuwapo, kwa hiyo njia zake ni nyembamba. Na petroli hutozwa kodi kubwa. Wenye viwanda wakalazimika kufikiri kwa udogo. Mwaka 1951 Citroën ya Ufaransa ilitoa gari la mizigo lililotokana na gari lake dogo la 2CV. Renault ikafuata mwaka 1961 kwa gari lililotokana na Renault 4. Baadaye yalikuja magari yaliyobuniwa tangu mwanzo kwa kazi na familia pamoja: Berlingo ya Citroën mwaka 1996, na Kangoo ya Renault mwaka 1997.

Wajerumani nao walikuwa wametangulia. Mwaka 1947 mfanyabiashara wa Kiholanzi, Ben Pon, alichora katika daftari lake umbo la gari lililo kama sanduku, dereva akae mbele na injini iwe nyuma. Mwaka 1950 Volkswagen ilianza kulitengeneza. Lilibeba takriban robo tatu ya tani, nalo halikuwa refu kuliko gari la kawaida la abiria. Lilipofika Marekani liliwapata wateja wake upesi, maana mwenye duka alipata nafasi kubwa ya mzigo katika gari la gharama ndogo.

Hapo ndipo kuku walipoingia katika habari hii. Wafugaji wa Marekani walikuwa wamejifunza kufuga kuku kwa wingi na kwa gharama ndogo, wakawauza Ulaya hata wafugaji wa huko wakalalamika. Mwaka 1962 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya ziliongeza ushuru wa kuku hao. Mazungumzo yaliposhindikana, Rais Lyndon Johnson alitangaza mwezi Desemba 1963 ushuru wa asilimia 25 juu ya vitu vinne: wanga wa viazi, dekstrini, brandi, na malori mepesi. Gari la mizigo la Volkswagen lilihesabiwa katika hilo fungu la nne. Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini; lakini kuku hawa waliwika mpaka bandarini, na gari dogo la mizigo la Kijerumani likakaribia kutoweka katika soko la Marekani. Ushuru wa vile vitu vingine vitatu uliondolewa baadaye. Ule wa malori mepesi ulidumu zaidi ya nusu karne, hali gari la abiria lilitozwa asilimia 2.5 tu kwa miaka mingi.

Basi, ikapita miaka arobaini na mitano. Mwaka 2008 bei ya petroli Marekani ilipita dola 4 kwa galoni, na biashara nyingi zikaanza kuhesabu upya. Mwaka uliofuata Ford ilileta Marekani gari lake la Ulaya, Transit Connect, lililotengenezwa Uturuki. Urefu wake ulikuwa karibu meta 4.6, injini ilikuwa ya silinda nne, lita 2, mzigo wake ulikuwa kama kilo 725, na nafasi ya ndani karibu meta 3.8 za ujazo. Yafaa ieleweke kwamba huo ni mzigo ule ule, robo tatu ya tani, uliobebwa na gari la Volkswagen karibu miaka sitini kabla. Mahitaji ya fundi mdogo yalikuwa hayajabadilika sana. Kilichokosekana ni gari la kuyatosha.

Sababu za kupendwa kwake ni za wazi. Kwanza, lilikwenda zaidi ya maili 20 kwa galoni moja. Pili, injini yake iliendesha magurudumu ya mbele, kwa hiyo hapakuwa na shafti ndefu ya kupita chini ya sakafu kwenda nyuma. Sakafu ikawa chini, na mtu hakuhitaji kuinua mzigo mpaka kifuani. Tatu, lilikuwa na milango ya kusukuma pande mbili na milango mipana ya nyuma, na paa lake lilikuwa juu. Nne, liligeuka na kuegeshwa kwa urahisi katika mitaa iliyosongamana. Katika mwaka wa 2010 lilipewa tuzo ya lori la mwaka la Amerika ya Kaskazini, ingawa halikufanana na lori. Wengine wakaiga: Fiat ilipeleka Doblò yake kwa jina la Ram ProMaster City, na Mercedes-Benz ikapeleka gari lake la Vito kwa jina la Metris.

Lakini ule ushuru wa kuku ulikuwa bado unangoja bandarini. Ford iliyaleta magari hayo yakiwa na madirisha ya nyuma, viti vya nyuma, na mikanda yake, ili yahesabiwe kuwa ya abiria. Yakiisha kupita forodha huko Baltimore, viti viling'olewa na, katika mengi, madirisha yakazibwa, gari likawa la mizigo. Idara ya forodha ilikataa njia hiyo mwaka 2013. Mahakama ya biashara ya kimataifa ya Marekani iliipa Ford ushindi mwaka 2017. Mahakama ya rufani ikaigeuza hukumu mwaka 2019. Na mwaka 2020 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikakataa kuisikiliza kesi. Mwisho wake, mwaka 2024, Ford ilikubali kulipa dola milioni 365 ili shauri liishe.

Wakati huo gari lenyewe lilikuwa limekwisha kuondoka. Mauzo yalikuwa yamepungua, na faida ya kila gari dogo si kubwa. ProMaster City iliachwa baada ya magari ya mwaka 2022. Transit Connect na Metris zikafuata mwaka 2023. Fundi aliyejenga kazi yake juu ya gari la kadiri yake akawa na njia mbili: kulitunza la zamani, au kurudi kwenye gari kubwa na gharama zake. Hakuna aliyemwuliza kama kazi yake imebadilika. Kazi ilikuwa ile ile.

Ndugu Makatibu, habari hii ni ya mbali, lakini hesabu yake ni ya karibu. Kamati inapotaka kununua gari, hapana budi katibu aweke mezani daftari la mizigo: kilo ngapi zilibebwa siku kwa siku, kwa umbali gani, na ni safari ngapi gari lilirudi tupu. Mzigo wa siku moja ya mavuno usiwe kipimo cha mwaka mzima, maana siku hiyo gari la kukodi laweza kutosha. Kadhalika mwenye kubeba saruji asidanganywe na uzuri wa gari dogo. Robo tatu ya tani ni robo tatu ya tani, na springi hazijui huruma.

Aidha, kamati iulize gari linatoka wapi, vipuri vyake viko kwa nani, na itakuwaje mwenye kiwanda akiacha kulileta. Yule fundi wa Marekani alichagua vema, na bado njia ilifungwa kwa ugomvi ulioanza katika banda la kuku kabla yeye hajazaliwa. Chama hakiwezi kuzuia ugomvi wa namna hiyo. Chaweza, hata hivyo, kuweka akiba ya vipuri, kutunza gari lililopo, na kutokununua kwa kutazama gari la jirani. Na uamuzi usomwe mbele ya wanachama pamoja na tarakimu zake, kwa sababu wao ndio watakaolipa petroli.