Fyeka Kama Mcheza Gofu

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Kaliua)

Leo mada yetu ni gofu. Najua mtacheka! Kaliua kuna tumbaku, asali na reli inayochepuka kwenda Mpanda. Viwanja vya gofu viko mbali, huko Dar es Salaam, Morogoro, Moshi na Arusha. Lakini Januari shule ikifunguliwa, majani yamefika magotini na wewe unakuja na fyekeo mkononi. Ukiangalia vizuri, anayefyeka na anayepiga gofu kazi yao inafanana: kuzungusha chuma kilicho mwisho wa mpini kipige kitu kilicho chini.

Sasa niambie, kwa nini mcheza gofu mwembamba anapeleka mpira zaidi ya mita 200, na wewe mwenye kifua kipana umefyeka robo tu ya eneo lako, mkono umekufa ganzi? Mwenzako anajua kuachia.

Kuachia siyo kutupa fimbo. Vidole vinashika, lakini kifundo cha mkono hakikazwi. Nguvu inaanzia miguuni, inapita kiunoni, mabegani, halafu mikononi. Kifundo kinafunguka mwishoni, chuma kinapofika chini. Baada ya kupiga, mcheza gofu wa mkono wa kulia huacha mkono huo ujigeuze juu ya wa kushoto na fimbo iendelee mpaka ichoke yenyewe. Akikaza mikono, fimbo inachelewa kugeuka na mpira unapinda kwenda kulia.

Wewe ukikaza, majani yanalala badala ya kukatika. Unaongeza nguvu, unakaza zaidi, na mshtuko wote unaingia kwenye kiwiko. Kano za upande wa ndani zikichoshwa hivyo mara kwa mara, zinaumia. Madaktari wanauita ugonjwa huo kiwiko cha mcheza gofu, ingawa huwapata hata watu ambao hawajawahi kuiona fimbo ya gofu. Mkono huohuo ndio unaoshika kalamu siku ya mtihani!

Jaribu hivi. Chukua kijiti chembamba, kipungie karibu na ardhi. Kaza mkono kwanza, halafu legeza kifundo. Utasikia "fyuu!" Sauti hiyo isikike pale penye majani, siyo kijiti kikiwa bado nyuma yako. Ukiisikia mapema, umeachia mapema.

Ukirudi kwenye fyekeo, fanya haya:
- Noa kwanza. Chuma butu humfanya mtu akaze.
- Hakikisha mpini haujalegea wala kuteleza.
- Kunja magoti kidogo. Usiinamie mgongo peke yake.
- Simama mbali na wenzako. Fyekeo linaloachiwa vizuri linapita mbali.
- Pumzika kabla mkono haujafa ganzi. Ukiweza, badili mkono.

Lengelenge likipasuka, osha kwa maji safi na sabuni, kisha lifunike. Ukijikata, osha jeraha na nenda zahanati ukaulizie sindano ya pepopunda. Na maumivu ya kiwiko yasipoisha, au vidole vikiwa na ganzi, usijikaze kiume, wala dada usinyamaze kwa kuogopa kuitwa mvivu. Mwambie mwalimu, uende ukapimwe.

Haya, nani ana kijiti? Aanze yeye, sisi tusikilize.