Moshi wa Motokari Unaoingia Katika Damu

(Mafundisho ya asubuhi kwa wagonjwa na walinzi wao)

Leo tunaacha kwanza malaria na maji ya kuchemsha. Tutasema juu ya bomba la moshi la motokari. Mutu atauliza: hiyo si kazi ya garaji? Ndiyo, lakini bomba likitoboka, wagonjwa wanakuja ku lopitali, si ku garaji.

Ndani ya moshi ule kuna gazi inayoitwa karboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Ile harufu munayosikia ni ya vitu vingine. Damu yetu inabeba oksijeni, hewa ya uzima. Gazi hii inashika damu kwa nguvu kupita oksijeni, mara 200 na zaidi. Basi mutu anapumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo vinakosa hewa. Motokari ya esansi inatoa nyingi. Ya mazutu inatoa kidogo, lakini moshi wake nao ni mubaya.

Muangalie njia ya Butembo mpaka Beni, kilomita 54 tu. Wakati wa jua, sababu ya vumbi, kila mutu anapandisha kioo. Wakati wa mvua motokari inakwama katika matope, baridi inauma, shofere anaacha moteri inanguruma usiku ili apate joto, na watoto wanalala nyuma. Bomba limekwisha kupigwa na mawe ya njia, sakafu iko na matundu: gazi inapanda polepole. Na ule mulango wa nyuma unaofungwa nusu kwa kamba, sababu mizigo imepita kipimo, unavuta moshi ndani vilevile.

Kichwa kinauma, kizunguzungu, kutapika, miguu inalegea, kisha usingizi muzito. Wengine wanasema ni malaria, wengine wanasema wametegewa sumu katika chakula, na wanaanza kumushitaki jirani. Mujiulize kwanza: wote tuliokuwa ndani tunaumwa pamoja? Tukishuka inje tunapata nafuu? Basi muangalie bomba.

Mufanye kazi hii inje kabisa, moteri ikiwa baridi. Butembo ni vilima, kwa hiyo mutafute mafasi sawa, mutie mawe kwa magurudumu. Musiingie hata kidogo chini ya motokari inayoshikwa na kriki peke yake. Mutie magogo yenye nguvu. Mutafute masizi meusi kwa maungio. Kisha mumoja awashe moteri, mwingine asimame kando asikilize. Maji ya sabuni kwa maungio yatatoa povu pale moshi unapotoka. Muzime mbele ya bomba kupata moto.

Buloni ikilegea, mukaze. Tundu likiwa dogo, musugue kutu mpaka chuma kionekane, mupake masitiki inayovumilia moto, muzungushe bati la kopo, mukaze kwa vikazo viwili vya chuma. Bati na waya tu, bila masitiki, ni ya kufikisha motokari kwa fundi, na vioo vikae wazi. Mupira na nailoni vitaungua. Kama bomba limeoza, ao moshi unatoka kwa maungio ya moteri yenyewe, fundi abadilishe. Akitaka kuunga kwa moto, aondoe kwanza waya za batri, na akae mbali na tanki ya esansi. Matundu ya sakafu nayo yazibwe.

Mutu akianguka, muzime moteri, mumutoe inje. Kama hapumui, mumupulizie pumzi kinywani, kisha mumulete. Mama mwenye mimba aje hata kama amepata nafuu, sababu mutoto wa tumboni anaumia zaidi. Mutuambie wazi kwamba mulikuwa katika motokari, kwa maana kile kipimo tunachofunga kwa kidole kinadanganyika, kinaonyesha kwamba oksijeni inatosha. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya gazi inatoka katika damu kwa saa 4 ao 5. Kwa kupumua oksijeni, kwa saa 1 na nusu hivi.

Gurupu ya umeme nayo inatoa gazi ileile. Isiwashwe ndani ya nyumba, hata chini ya dirisha. Na mbabula ya makala isilale chumbani na watoto.

Sasa wenye karatasi za laboratwari waende ku dirisha la pili.